Barua ya Mwenzi

Tarehe 2 Machi

Tumefika tukiwa tumelowa hadi mifupani. Vitabu vyangu vimepona, kwa sababu nilivifunga nailoni mara mbili na juu yake nikavizungushia shuka. Biblia ya mwenzangu imevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Ameianika dirishani na anapiga mluzi, kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

Niandike kwa mpangilio. Nchi si yetu, lugha si yetu. Misheni imetutuma sisi wawili kuhudumu katika mtaa huu kwa msimu mmoja wa mvua. Mimi ni karani wa kituo. Yeye, kwenye karatasi, ni "mtumishi wa jumla". Kabla ya kuitikia wito alikuwa mwashi, na hata shuleni kwetu kila mtu alimwita Fundi. Mimi ameshanibandika jina: Bwana Kalamu.

Tunakaa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Cha mbele ni ofisi: meza, taipureta, kabati la majalada, jiko la mkaa. Cha nyuma kina vitanda viwili na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Baba mkwe wake mama mwenye nyumba, mzee sana, ana chumba chake cha pembeni, yeye na redio yake.

Mvua zikiisha, Msimamizi wetu atakuja kutoka mjini kuchagua mmoja wetu wa kufungua kituo kipya ng'ambo ya mto. Asiyechaguliwa atabaki hapa, au atarudishwa nyumbani. Ataamua kwa kusoma barua ya mwenzi. Ni desturi ya misheni yetu: kila mwisho wa mwezi, kila mmoja huandika kumhusu mwenzake, anavyoishi na anavyofanya kazi, naye Msimamizi huzihifadhi.

Mama yangu ameshawaambia majirani kwamba nitachaguliwa mimi.

Tarehe 4 Machi

Mvua. Nimepanga majalada kwa alfabeti.

Tarehe 7 Machi

Leo tumeanza kutembelea nyumba. Nilijifunza lugha ya hapa darasani miaka miwili, nikawa wa kwanza. Fundi alikuwa wa mwisho. Sisemi karibu na mwisho.

Nyumba ya kwanza nilipiga hodi mimi. Nilipiga hodi mara nne, na aliyesikia ni mbwa peke yake. Nilirudi nyuma hadi nikamkanyaga Fundi mguu. Akanipita, akabisha kwa sauti ya mtu aliyerudi kwao baada ya safari, na mbwa yule yule akaja kumlamba mkono.

Mama wa pale alipofungua nilisema sentensi niliyoitayarisha tangu juzi. Haikuwa na kosa. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nukta ya mwisho, kisha akamgeukia Fundi.

"Mwenzako anasemaje?"

Fundi alitafuta maneno, akapata matatu, mawili yakiwa si sahihi. Mengine akayamalizia kwa mikono. Yule mama alicheka mpaka akajifuta macho, akatuletea viti.

"Umeona?" Fundi aliniambia njiani. "Umetufungulia njia."

"Nani amefungua njia?"

"Wewe. Mimi nimepita tu."

Sijui kama alikuwa ananidhihaki. Nyumba sita, na katika zote sita walimshika yeye mkono kwanza.

Tarehe 8 Machi

Fundi ameacha viatu mlangoni, vimejaa maji kama ndoo. Ofisi nzima inanuka. Nimevijaza karatasi nilizoharibu kwenye taipureta na kuviegemeza kando ya jiko. Nisipofanya hivyo harufu itaingia kwenye majalada.

Tarehe 13 Machi

Nimepangiwa kumsomea mzee wa redio kila Jumanne. Naandaa somo, napiga mstari penye kituo cha kupumua, nafika saa kumi kamili. Anapunguza redio kidogo, haizimi. Leo nilifika katikati ya ukurasa wa pili akanyoosha kidole.

"Yule mwingine yuko wapi?"

"Yupi, mzee?"

"Yule asiyejua kusoma."

"Anajua kusoma, mzee."

"Aah! Basi anajificha vizuri. Mwambie aje."

Fundi alikwenda. Hakusoma chochote. Nilikaa ofisini nikisikia wawili hao wanacheka, mmoja hana meno na mwingine hana msamiati. Nilipiga barua moja mara tatu kwa sababu ya makosa.

Tarehe 14 Machi

Mvua. Viatu vyake tena.

Tarehe 20 Machi

Mvua. Viatu. Watoto wa mtaa wanamfuata Fundi mpaka langoni wakiimba jina lake. Mimi wananisalimu vizuri sana, kama wanavyomsalimu daktari wa meno.

Tarehe 30 Machi

Leo ni siku ya barua ya mwenzi. Naiandika siku hii kwa kirefu, kwa kuwa usingizi umenikataa na nataka kujua kwa nini.

Asubuhi Fundi alikuja mezani, akavuta kiti, akakaa juu yake kinyume.

"Bwana Kalamu, nina ombi. Mimi ukinipa tofali elfu nitakupandishia ukuta. Ukinipa kalamu napandisha jasho. Hii barua ya kukuhusu wewe, niandikie."

"Nijiandikie mwenyewe?"

"Unajijua kuliko ninavyokujua. Andika ukweli tu, mimi natia sahihi."

"Haifai."

"Haifai kuandika uongo. Wewe utaandika uongo?"

Ningekataa. Nilifungua mdomo nikatae, nikamwona yule mbwa akimlamba mkono, na yule mama akijifuta macho, na mzee akinyoosha kidole. Nikasema, "Acha, nitaiandika."

Nilipiga barua mbili. Ya kwanza, inayonihusu, niliandika kwa kiasi. Nilisema mwenzangu ni mtu wa bidii. Kadhalika utunzaji wake wa kumbukumbu ni wa kupigiwa mfano. Kadhalika ujuzi wake wa lugha unajulikana. Hakuna neno ambalo ningelionea haya mbele ya mwalimu wangu. Fundi alitia sahihi bila kusoma. Hilo liliniudhi kuliko ombi lenyewe. Mtu gani anatia sahihi bila kusoma?

Ya pili, inayomhusu, nilitaka iwe ya haki. Kwa hiyo niliweka tarehe na saa. Kwamba tarehe 16 alitoka saa nane bila kuaga, akarudi saa kumi na mbili na nusu akiwa na matope hadi magotini. Kwamba hupiga mluzi kuanzia alfajiri. Kwamba watoto humfuata mpaka langoni na utulivu wa kituo unapotea. Kwamba lugha yake haijapiga hatua, ingawa wenyeji humvumilia. "Humvumilia" nililibadilisha mara tano. Kwanza niliandika "humpenda", nikaona linatia chumvi.

Niliharibu karatasi saba kabla ya kupata nakala safi. Mvua haikukatika siku nzima. Viatu vyake vilikuwa mlangoni tena, vimejaa, na zile karatasi saba zimepata kazi.

Tarehe 1 Aprili

Jambo la ajabu. Leo mchana Fundi alisimama mlangoni, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Bwana Kalamu, natoka. Saa nane na dakika tano. Nakwenda kwa seremala, narudi saa kumi."

Nikasema vema. Saa kumi kamili alikuwa mlangoni.

Amepata wapi adabu hiyo ghafla? Nilipomuuliza, alisema mtu hujifunza kila siku, akavua viatu. Sipendi. Nikishamzoea kwa ubaya wake, yeye anautupa na kuniacha nimeushika.

Tarehe 9 Aprili

Mvua. Viatu. Mkaa umelowa, nimechukua nusu saa kuwasha jiko ili vikauke. Nimefikiri kumwambia, nikaona nitaonekana mtu wa mambo madogo.

Tarehe 17 Aprili

Nitaandika yote.

Leo mvua ilianza saa tatu asubuhi na kufikia saa sita ua wote ulikuwa maji. Fundi alikuwa ameaga, amekwenda nyumba ya mwisho kwenye ratiba, upande wa machimbo. Nilikuwa napiga orodha ya mahudhurio. Nikasikia sauti, si kubwa, kama mtu anayekunja gunia. Kisha mama mwenye nyumba akapiga kelele.

"Ukuta! Mwanangu, ukuta wa baba!"

Ukuta wa nyuma wa chumba cha mzee ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, na tope linatoka kwenye ufa kama uji. Mzee alikuwa kitandani, kitanda kikiwa kimeegemea ukuta ule ule. Redio ilikuwa inaimba.

Niseme nilichofanya. Nilisimama. Nilijua cha kufanya: kukivuta kitanda. Nilikiona kitendo chenyewe, kama mtu anayekisoma kwenye maelekezo. Miguu ilikataa. Mama mwenye nyumba alikuwa anavuta kitanda upande mmoja na kuniita, "Karani! Karani!" nami nikajikuta nimeshika redio. Nilikuwa nimeiinua juu ya kichwa isilowe.

Hapo Fundi akaingia mbio, amejaa matope, viatu vinapiga chwaka chwaka. Hakuuliza. Aliweka bega kwenye ukuta, akamwambia mama, "Vuta sasa," halafu akaniambia mimi kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, "Weka redio chini, ndugu yangu, shika miguu ya kitanda."

Nikaweka. Nikashika. Tulipofika mlangoni Fundi alirukia pembeni, na ukuta ukalala pale kitanda kilipokuwa.

Watu walikuja wengi. Mzee alikuwa ameshika mkono wa Fundi na hauachii. Mama mwenye nyumba alimfuta matope usoni kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Mungu ndiye aliyekuleta, mwanangu. Mungu mwenyewe."

Kisha akaniona nimesimama kwenye maji.

"Na wewe, baba, asante kwa redio."

Hakusema kwa kejeli. Lingekuwa jambo jepesi kama angesema kwa kejeli.

Fundi alipomaliza kuhamisha vitu vya mzee alivua viatu mlangoni, akaenda kuoga. Nilivitazama muda mrefu. Nilitamani kuvitupa mtaroni. Ilibidi nivikamue kwanza ndipo karatasi ziingie.

Tarehe 18 Aprili

Anajenga ukuta. Mvua.

Tarehe 21 Aprili

Anajenga ukuta. Wanaume wa mtaa wanakuja kumtazama na kubishana kuhusu mchanga. Seremala amemletea mbao bila kuombwa.

Tarehe 29 Aprili

Ukuta umekwisha juzi. Umenyooka, lazima niseme. Mzee anaupiga makofi kama anayepiga ng'ombe mgongoni.

Leo nimeandika barua ya mwenzi ya pili. Niliweka: "Tangu tarehe 18 hadi 27 hakutembelea nyumba hata moja iliyo kwenye ratiba." Ni kweli tupu. Kisha niliongeza kwamba ana tabia ya kujipatia sifa kwa wenyeji. Sentensi hiyo nikaiondoa, nikairudisha, nikaiondoa. Hatimaye sikuitia. Karatasi kumi na moja zimeharibika.

Katika ile niliyojiandikia mimi, nilitaja kwamba nilishiriki katika kuokoa maisha ya mzee. Nilimpa Fundi atie sahihi. Safari hii hakutia upesi. Alinitazama, akaitazama karatasi, nikahisi masikio yamepata moto.

"Umeandika ukweli?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi sawa," akasema, akatia sahihi.

Tarehe 6 Mei

Barua ya mama. "Mwanangu, fundi cherehani amenishonea gauni la kuvaa siku utakapotangazwa. Dada yako anasema ningesubiri. Mimi nimemwambia dada yako hakujui wewe kama ninavyokujua mimi."

Nimeisoma mara mbili. Mara ya tatu nilishindwa.

Tarehe 15 Mei

Mvua zinapungua. Fundi hapigi mluzi tena. Nimegundua leo tu, lakini nikikumbuka vizuri, ni tangu mwezi jana. Nilikuwa nautamani sana ukimya huu. Sasa nikiamka nasikia matone na saa ya ukutani, basi.

Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Hapana, kwani vipi?" Nikasema hakuna kitu.

Tarehe 30 Mei

Barua ya tatu. Nilikosa la kumwandika. Anaaga, anarudi kwa wakati, anasoma sura yake ya lugha kila asubuhi akisogeza midomo, watoto anawaaga kwenye kona badala ya langoni. Mtu huyu ameziba kila tundu nililokuwa nachungulia. Niliishia kuandika kwamba hukoroma.

Tarehe 3 Juni

Msimamizi amekuja. Ni mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, anaongea taratibu kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Alikunywa chai, akasifu ukuta wa mzee, akasifu majalada. Nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa barua sita.

"Karani, nisomee hii. Kwa sauti."

Ilikuwa ya Aprili, inayomhusu Fundi. Fundi alikuwa amekaa kando yangu. Mama mwenye nyumba alikuwa anakusanya vikombe.

"Baba," nikasema, "barua za mwenzi ni za siri."

"Zilikuwa za siri. Mimi ndiye niliyeandikiwa, na mimi ndiye ninayezifungua. Soma."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ile ile niliyopigia hodi siku ya mbwa. Nilipofika "hakutembelea nyumba hata moja iliyo kwenye ratiba," akanyoosha mkono.

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa anajenga ukuta, Baba."

"Ukuta wa nani?"

"Wa mzee. Huo uliousifu."

"Na wewe, siku zote hizo kumi?"

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa naandika."

"Unaandika nini?"

Ningekuwa mwongo ningepona.

"Kwamba hajatembelea nyumba."

Mama mwenye nyumba alishikwa na kikohozi, akatoka na vikombe vyake. Sikuthubutu kumtazama Fundi. Nilipojikaza nikamtazama, alikuwa ameinamisha kichwa anaviangalia viatu vyake. Hakuonekana kushtuka. Hata aibu yangu ameipokea kwa utulivu kuliko mimi, nikawaza, na hapo hapo, mbele ya hukumu, nikamwonea wivu kwa utulivu huo.

Msimamizi aliinua barua nyingine tatu.

"Hizi ni zako, Fundi? Hii inasema 'kadhalika' mara nne."

"Nimetia sahihi, Baba."

"Sijauliza umetia nini."

Fundi akajikuna shingo. "Nilimwomba aniandikie. Kosa ni langu."

"Kosa mtagawana. Sikilizeni, vijana." Alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Barua sita zimeandikwa na mtu mmoja. Katika tatu za kumsema mwenzake nimemwona Fundi mpaka kucha za miguu. Namjua saa anayotoka, matope yanapofika, watoto wanaomfuata. Karani, kila ulichoandika ili nimkatae ndicho kilichofanya nimtake. Ng'ambo ya mto atakwenda yeye."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimwona mama yangu na gauni lake.

"Na zile tatu za kukuhusu wewe, nimezisoma hadi mwisho nikitafuta mtu. Nimeona majalada. Sijui kama nikuache hapa au nikurudishe kwenu, kwa sababu hakuna aliyenieleza wewe ni nani." Akamgeukia Fundi. "Wewe utaniandikia. Kwa mkono wako, ukurasa wako, makosa yako. Nitaamua kwa barua hiyo."

Aliondoka kabla ya saa tisa ili mvua isimkute.

Tarehe 4 Juni

Nimemwomba Fundi msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno, yakanipotea yote, nikabaki na moja. Alivuta kiti cha mezani.

"Bwana Kalamu, mimi sijui kuandika, lakini si kipofu. Acha niifanye hii kazi kwanza."

Alikaa mezani kwangu tangu saa nne hadi saa saba na nusu. Alishika kalamu kama anayeshika patasi. Mimi nilikaa uani na mzee, tukisikiliza redio. Ilikuwa mara ya kwanza nakwenda kwake bila kitabu, na mzee hakuuliza mwingine yuko wapi. Aliongeza sauti tu ili nami nisikie.

Fundi alitoka na bahasha, ameilamba na kuibandika.

"Iandikishe," akasema.

Barua zote za kituo hupita mikononi mwangu. Mfuko wa posta unaondoka Alhamisi.

Tarehe 5 Juni

Bahasha iko mezani. Birika liko jikoni. Gundi ya bahasha hizi ni mbovu, mvuke wa dakika moja unatosha, na hakuna anayejua hilo zaidi ya karani.

Nimechemsha maji mara mbili. Mara zote mbili nimepika chai.

Tarehe 6 Juni

Kwenye rejista: "Barua moja kwenda kwa Msimamizi. Imefungwa." Sikuifungua. Ningependa kusema ni uaminifu. Nadhani ni woga, kwamba ningeona ninavyoonekana. Lakini haijafunguliwa.

Tarehe 11 Juni

Fundi amevuka mto leo. Mtaa mzima ulimsindikiza. Mama mwenye nyumba alilia waziwazi. Mzee alimpa betri za redio, ingawa Fundi hana redio.

Mimi nilimbebea sanduku hadi kivukoni. Safari hii nilikuwa nimemfungia Biblia kwenye nailoni.

"Mara mbili?" akauliza.

"Mara tatu."

Alicheka, akapanda. Chombo kilipofika katikati nikasikia mluzi. Nilisimama pale mpaka nikawa sisikii.

Tarehe 14 Juni

Jua. Mlangoni hakuna viatu.

Tarehe 19 Juni

Majibu yamekuja. Msimamizi ameandika mistari miwili: "Utabaki kituoni. Mwenzi mpya anafika Jumatatu, mfundishe. Barua ya Fundi nakurudishia uiweke kwenye jalada, kama kazi yako inavyotaka."

Kazi yangu inataka niisome kabla ya kuiweka, ili nijue jalada lake. Niliketi. Iko hapa mbele yangu, kwa mwandiko unaopanda na kushuka kama njia ya mbuzi:

"Kwa Msimamizi. Mwenzangu anaogopa mbwa, anaogopa milango, hata mimi ananiogopa. Ana kijicho. Najua kwa sababu karatasi alizoharibu za kunisema alizikunja akazitia ndani ya viatu vyangu ili vikauke, na mimi nilizisoma asubuhi tangu Machi. Mengi ni kweli, nimejirekebisha kwa hayo. La mluzi liliniuma kidogo. Lakini Baba, miezi mitatu ya mvua sijavaa kiatu kibichi hata siku moja, na hajawahi kuniambia kwamba ni yeye. Siku ukuta ulipoanguka vilikuwa kama tope lenyewe, na asubuhi vilikuwa vikavu. Mwacheni akae. Fundi."

Nimevuta jalada, nimetoboa matundu mawili, nimeitia. Nimeitoa nikaisoma tena. Nimeirudisha.

Mama nitamwandikia kesho, kwa mkono. Nitamwambia alitunze gauni, na nitamwambia kuhusu redio.

Nilijiahidi kuandika hapa ukweli, kwa hiyo niuandike wote. Nilipomaliza kusoma mara ya kwanza nililia. Mara ya pili niliona kwamba barua hii fupi, iliyoandikwa na mtu anayeshika kalamu kama patasi, ni bora kuliko kila kitu nilichowahi kuandika maishani mwangu. Na nikamwonea wivu.